Mwanafunzi wa mwisho darasani na zeze lake la kopo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Darasa la Nne katika shule ya msingi huku Bahi, Dodoma, watoto 91 kwenye chumba kimoja. Mwezi uliopita tulikuwa na semina, tukaambiwa kila mtoto ana kipaji chake na kazi yetu ni kukitambua na kukikuza. Tukapewa fomu: huyu ana akili ya muziki, huyu ya mwili, huyu ya hesabu. Nilijaza hadi mtoto wa ishirini nikakwama, maana naona nabahatisha. Yupo mvulana wa miaka 12, muhula uliopita kashika nafasi ya 91 kati ya 91. Kusoma kwake ni kwa kubabaisha. Lakini katengeneza zeze kwa kopo la rangi na uzi wa breki ya baiskeli, na akilipiga hata sisi walimu tunatoka ofisini. Baba yake anataka kumrudisha kuchunga. Wenzangu wanasema huyo ni wa muziki, tumwache na zeze lake, tusijichoshe. Nifanye nini kwa huyu, na nifanye nini kwa wale 90?

JIBU: Marahaba mwalimu, na mbukwa, kama wasalimiavyo Wagogo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema unaona unabahatisha. Kubahatisha huko hakutokani na uvivu wako. Fomu yenyewe inakutaka useme jambo ambalo hakuna mtu awezaye kulisema akiwa amekaa ofisini na orodha ya majina.

Mgawanyo ule wa akili ya muziki, ya mwili, ya hesabu na nyinginezo ulitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, mwaka 1983. Alianza na aina saba, ya nane akaiongeza baadaye. Ulitufaa walimu kwa jambo moja kubwa: ulitukumbusha kwamba alama za mtihani hazimmalizi mtoto. Lakini wanasaikolojia wengi hawajakubali kuwa akili ya binadamu imekatwa vipande namna hiyo, na hakuna kipimo cha kuaminika cha kumwekea mtoto wa miaka kumi alama ya vema kwenye chumba kimoja cha fomu. Ndivyo ilivyo pia ile habari ya "huyu hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia". Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walizipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa "mtindo wake". Kwa hiyo fomu ikidaiwa na ofisi, ijaze kwa penseli uirudishe. Kazi yenyewe iko kwingine.

Nianze na kijana wa zeze, maana yeye hawezi kungoja.

Kabla ya kuzungumzia kipaji chake, hakikisha anaona na anasikia. Watoto wangapi wameshika mkia miaka minne kwa sababu ubao kwao ni ukungu! Andika herufi ubaoni kwa ukubwa uleule unaotumia kila siku, msimamishe mwisho wa darasa, azitaje. Jicho moja alifunike kwa kiganja, kisha jingine. Akikosea, msogeze hatua tatu tatu uone anaanza kupata wapi. Halafu simama nyuma yake, umtajie maneno kwa sauti ya chini ayarudie. Ukitilia shaka, muandikie barua aende kituo cha afya pamoja na mzazi. Mkoa wetu una historia ndefu ya maradhi ya macho. Watafiti wamekuwa wakifuatilia trakoma kule Kongwa tangu miaka ya 1980. Ukiona macho ya mtoto mekundu, yenye tongotongo kila siku, usiyazoee.

Angalia na lugha. Mtoto anayepiga zeze hivyo, bila shaka amelelewa kati ya watu wanaoimba na kusimulia kwa Kigogo. Kaa naye chini ya mti akusimulie kwa Kigogo jinsi alivyolitengeneza: kopo alilipata wapi, mti aliuchagua kwa nini, uzi aliukaza vipi. Kama hukijui, muombe mwenzako anayekijua asikilize. Akieleza kwa mpangilio, hatua baada ya hatua, hapo umeshajua kuwa kichwa hakina tatizo la kupanga mawazo. Kilichokwama ni Kiswahili cha vitabuni na herufi, na hayo mawili yanafundishika hata akiwa na miaka 12.

Sasa hao wenzako wanaosema aachwe na zeze lake. Siwalaumu, maana nilikuwa kama wao, na jambo hili nalibeba mpaka leo. Nilipokuwa mwalimu kijana upande wa Mpwapwa, nilikuwa na mwanafunzi mwenye sauti ya kutoa watu machozi. Kila mgeni alipokuja, awe mkaguzi, awe diwani, awe mtu wa kutuchimbia kisima, nilimtoa darasani akaongoze kwaya. Mazoezi tuliyaweka saa za Kiswahili na Hisabati. Nilijiambia huko hapotezi kitu, hata akikaa haelewi. Shule ikasifiwa, nami nikasifiwa. Miaka kama kumi baadaye nilimkuta stendi Dodoma mjini akipiga debe. Alinisalimu kwa furaha, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba nimsomee, "maana wewe ndiye mwalimu wangu". Ulikuwa mkataba wa kuimba kwenye bendi moja. Nilimsomea tukiwa tumesimama pale kati ya mabasi. Nilipofika kifungu kinachosema nyimbo zote atakazotunga ni mali ya mwenye bendi, niliona chini yake kuna alama ya dole gumba. Alikuwa ameshaiweka wiki mbili nyuma.

Sauti ilikuwa yake, faida tukaichukua sisi. Tulikitambua kipaji, tukakionyesha kwa wageni, lakini hatukukitumia hata siku moja kumvusha yeye kwenda mahali asikoweza kufika peke yake. Ndiyo maana nakuomba, mtu akikwambia "huyo ni wa muziki", muulize: kwa hiyo tumfundishe kusoma kwa kutumia muziki, au tuache kumfundisha?

Wengine hapa kwetu humtaja mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, aliyelifikisha zeze na ilimba, ala ya vyuma vipigwavyo kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Wanamtaja kama ushahidi kwamba kipaji kikiwepo kinajitosha. Mimi namwona kama ushahidi wa kinyume. Muziki ule ulikuwa wa ukoo na wa jamii nzima, na nyuma ya kila onyesho ilikuwepo kazi ya miaka. Hata baada yake familia imeendelea nao. Hakuachwa na zeze lake, alilelewa nalo. Kwa hiyo hata upande wa muziki wenyewe kijana wako anadai malezi. Ulizia kijijini kama yupo mzee apigaye zeze. Mwombe amwone mtoto huyu Jumamosi moja, amsahihishe namna ya kushika upinde na kukaza uzi. Kupongezwa na walimu wanaotoka ofisini ni jambo jema, lakini hakumfundishi kitu kipya.

Upande wa kusoma, fanya hivi. Muombe akuimbie wimbo wake mmoja, kisha akwambie maana yake kwa Kiswahili. Andika maneno yake mwenyewe, sentensi nne au tano, kwa herufi kubwa zilizoachana. Usimsahihishe sarufi siku hiyo. Msomee huku kidole kikifuata maneno, kisha asome yeye. Atasoma kwa kukumbuka, si kwa kusoma, na mwanzoni hilo halina neno. Kesho yake kata karatasi vipande, neno moja moja, azipange upya. Keshokutwa kata maneno kuwa silabi. Hapo ndipo muziki unaingia kazini, kwa sababu Kiswahili karibu kila silabi yake huishia na irabu na huchukua pigo lake: ka-ra-nga, mbu-zi we-tu. Mwambie apige pigo moja kwa kila silabi, kwa kidole juu ya kopo. Mtoto anayesikia mapigo vizuri atajua mara moja akiruka silabi, kama anavyojua uzi ukilegea. Akishazizoea silabi za wimbo wake, zichanganye zitengeneze maneno ambayo hayamo kwenye wimbo. Hapo sasa anasoma kwelikweli.

Dakika kumi na tano, siku nne kwa wiki. Usizichukue kwenye michezo yake, wala usimtoe kwenye somo lingine. Asubuhi kabla ya kuhesabiwa namba mstarini, au wakati wenzake wakifanya zoezi. Kama yupo mwanafunzi wa Darasa la Sita anayesoma vizuri na ana subira, mfundishe njia hii wiki moja, akusaidie siku mbili kati ya hizo nne.

Hisabati nayo imo kwenye lile zeze. Darasa la Nne mnafundisha sehemu, na najua nusu na robo zinavyowachosha watoto pale ubaoni na mistatili yetu iliyopakwa chaki. Mpe rula apime ile sehemu ya uzi inayotikisika. Tuseme amepata sentimita 40. Aminye kwenye 20 kamili. Itatoka sauti ileile ya uzi mzima, lakini ya juu, kama mama na mtoto wakiimba wimbo mmoja. Aminye ili ibaki 30, yaani robo tatu, asikie sauti nyingine. Atafute ilipo theluthi mbili. Masikio yake yatamwambia kama amepima sawasawa, hata kabla wewe hujamwambia. Kisha aandike daftarini: 20 ni nusu ya 40. Fanya somo hilo mbele ya darasa zima, yeye akiwa ameshika zeze na wenzake wakitaja namba. Kwa dakika arobaini yule wa 91 ndiye atakuwa mwenye chombo ambacho kila mtu anakihitaji.

Nakwambia hayo nikijua kwamba daraja la namna hii halijijengi lenyewe. Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha kazi yao juu ya watoto watano wachuuzi katika mji wa Recife, Brazil, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Waliwaendea kwenye biashara zao wakawauliza: nazi kumi bei gani, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi. Watoto walipata karibu kila swali, 98 kwa 100. Baadaye wakapewa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala noti. Wakapata 37 kwa 100. Lakini hesabu zilipofungwa ndani ya maelezo ya kuuza na kununua, wakapanda hadi kama 74. Tafakari tofauti hizo, mwalimu. Watoto ni walewale, hesabu ni zilezile. Anayeuza karanga za visado kando ya barabara ya Singida na anayekuangusha kwenye zoezi la kutoa kwa kukopa anaweza kuwa mtoto mmoja, na kati ya akili yake ya barabarani na daftari lake hakuna aliyeweka gogo la kuvukia. Lile swali la maelezo, lenye karanga na shilingi, ndilo gogo. Anzia hapo, kisha upunguze maneno kidogo kidogo mpaka zibaki namba.

Vivyo hivyo kwa mchungaji. Mtoto anayerudi jioni na mbuzi sitini akajua bila kuhesabu kwamba hayupo yule mweusi mwenye doa jeupe sikioni, ana kumbukumbu na upangaji ambao sisi wenye vyeti hatuna. Lakini usidhani kumbukumbu hiyo itahamia yenyewe kwenye majedwali ya kuzidisha, haihami. Mwambie awachore mbuzi wa nyumbani kwa makundi: wenye pembe na wasio na pembe, weupe na wa madoa, majike na madume. Hesabu kila kundi, andika kwenye jedwali. Tayari mko kwenye takwimu, na mtaalamu ni yeye.

Sasa baba. Usimwendee na neno "kipaji". Kwa mzazi ambaye kundi ndilo benki yake, ukimsifia mtoto kwa kupiga kopo anaweza kusikia kwamba shule imekiri kumfundisha mtoto kucheza. Sheria iko upande wako, elimu ya msingi ni lazima, lakini mwalimu anayeanza na mtendaji wa kijiji hushinda kesi akampoteza mtoto. Nenda jioni, mifugo ikisharudi. Salimia, uliza habari za malisho na maji, kaa. Kisha muulize mzee ni miezi gani hasa anamhitaji kijana. Mara nyingi utakuta si mwaka mzima. Mweleze jambo analoliona kila mnada: mtu asiyejua kusoma hupewa dawa ya mifugo asijue kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na huandikiwa karatasi ya mauzo na mtu mwingine. Mwambie unataka kijana wake asiwe mtu wa kuandikiwa. Ombeni kipindi, tuseme muhula mmoja, siku tano za shule, Jumamosi na Jumapili za baba. Na mwisho wa muhula huo mwite baba shuleni, kijana amsomee yale maneno ya wimbo wake. Nimeona wazazi wagumu wakilainika kwa karatasi moja iliyosomwa na mtoto wao kuliko kwa mikutano kumi ya hadhara.

Hao 90 wengine huwezi kuwaangalia wote kwa pamoja. Chagua watano kwa wiki. Kwa wiki 19 utakuwa umewapitia wote 91, na mwaka wa shule unazo. Nunua daftari la kurasa 200, kila mtoto kurasa mbili. Usiandike majina ya sifa kama "mbunifu", "kiongozi", "mwerevu". Andika alichofanya, na tarehe. "Jembe lilipochomoka mpini, alitafuta kijiti akakichonga kabari, akalirudishia bila kuambiwa." "Wawili walipogombana kwenye foleni ya uji, aliwatenganisha kwa kumpa mmoja nafasi yake." "Alipokosea kugawanya alifuta akarudia mara nne, hakuomba msaada." Ukirudi baadaye ukasoma kurasa hizo, utaona mambo yanajirudia, na yanayojirudia ndiyo ya kufuata. Mimi huangalia matatu: jambo ambalo mtoto hulirudia bila kusukumwa, jambo ambalo hatua yake inayofuata anaidaka upesi kuliko wenzake, na jambo ambalo akilikosea hakati tamaa. Hilo la tatu nalipa uzito kuliko yote. Watoto wengi hupenda mpira. Wachache hubaki uwanjani wakirudia pasi iliyowashinda.

Lakini kuna mtego. Mtoto huonyesha uwezo pale tu alipopewa nafasi ya kuujaribu. Kwenye shule nyingi kiranja ni yuleyule tangu Darasa la Kwanza, anayebeba ufunguo wa stoo ni yuleyule, anayesoma risala ni yuleyule, na mwisho tunasema watoto hao ndio wenye uongozi. Zungusha kazi. Wiki hii hawa watano wapime unga wa uji na maji yake, wiki ijayo wasimamie bustani, wiki ya tatu watunze zana, wiki ya nne wapokee wageni. Wasichana washike spana ya baiskeli, maana wengi hawajawahi kupewa. Muheme ni ngoma ya akina mama wa Kigogo, na wapo wasichana hapo kwako wanaoipiga nyumbani vizuri, lakini shuleni wakiambiwa wapige, ngoma wanapewa wavulana. Na pale UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, inapokaribia, usichague timu kwa kuangalia nani mrefu. Watoto wa darasa moja huku kwetu hupishana hata miaka mitatu; aliyezaliwa mapema huonekana hodari kwa mwili tu, na mdogo huachwa kabla hajaota.

Angalia pia majira. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kati ya Januari na Machi kwenye nyumba nyingi chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu hakijakomaa. Mtoto anayesinzia mwezi wa pili usimwandike mzito. Mrudie mwezi wa sita, baada ya mavuno, umwangalie upya.

Usibebe kazi hii peke yako. Bahi ni nchi ya mpunga; yupo mkulima anayejua kupima jaruba kwa hatua na kukadiria magunia kabla ya kuvuna. Mwite mara moja kwa muhula, watoto waende naye shambani na kamba yenye mafundo. Mwite fundi baiskeli, mwite mama anayesuka mikeka. Usiwaite waje kuhutubia. Wape watoto kumi na kazi ya kumaliza, wewe kaa pembeni na daftari lako. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na shule zetu nyingi zimezungukwa na mafundi ambao hawajawahi kuombwa kuvuka geti.

Kuhusu kusifu, nakuomba uwe mwangalifu kuliko unavyodhani inastahili. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio yao kwa watoto wa rika la Darasa la Tano. Baada ya zoezi la kwanza, wengine waliambiwa wamepata kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wale waliosifiwa akili wengi walichagua kazi rahisi ili waendelee kuonekana wana akili. Walipopewa zoezi gumu wakakosea, wakaporomoka hata kwenye zoezi rahisi lililofuata, na wengi zaidi kati yao walidanganya alama zao walipoulizwa. Basi ukimwambia kijana wako "wewe una kipaji cha zeze", umempa kitu cha kuogopa kukipoteza. Mwambie ulichokiona: "Jana ulikaza uzi mara tatu mpaka sauti ikakaa, na leo neno hili umelirudia mara tatu mpaka likakaa." Sentensi hiyo moja inamwonyesha kuwa njia aliyoitumia kwenye zeze ndiyo ileile anayoihitaji kwenye kitabu. Hakuna kitu ambacho ningependa mtoto wa mwisho darasani akijue zaidi ya hicho.

Najua utasukumwa na upimaji wa Darasa la Nne, na Mwalimu Mkuu atakuuliza haya yote yanapandishaje ufaulu. Mjibu kwa daftari. Mwonyeshe watoto gani hawajui kusoma, umefanya nini kwa kila mmoja, amefika wapi. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora kitaifa, na sisi bado tunabandika ukutani orodha ya wa kwanza hadi wa 91. Kama uamuzi uko mikononi mwako, usiibandike. Mpe kila mzazi alama za mwanawe na za muhula uliotangulia, azilinganishe hizo.

Neno la mwisho kuhusu amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, kwa kuwa wenzako watalitaja. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeweka mkondo wa amali sekondari kando ya ule wa jumla, na mimi nimeufurahia, kwa sababu fundi, mkulima na msanii sasa wana njia ndani ya shule. Lakini nimeanza kusikia walimu wa msingi wakisema, "Huyu hasomi, ataenda amali." Fundi wa umeme asiyejua kusoma kilichoandikwa kwenye kifaa ataungua, au ataunguza nyumba ya mtu. Mwanamuziki asiyesoma ataweka dole gumba. Anayekwenda amali anahitaji kusoma na kuhesabu sawa na anayekwenda kuwa daktari, na wa kumpatia hayo ni wewe, katika Darasa hilo la Nne, kabla hajafika huko.

Desemba ikifika, lile daftari usiende nalo nyumbani. Mkabidhi mwalimu atakayewapokea Darasa la Tano, mkae naye saa moja mlipitie. Kwenye kurasa za kijana wetu andika silabi anazozisoma bila kusita na zile anazokwama, macho yake yalipimwa lini, baba yake mlikubaliana nini na mpaka lini. Kwamba anapiga zeze usihangaike kuliandika. Hilo mwenzako atalisikia mwenyewe siku ya kwanza.